Jinsi ya kuomba Kaunti ya Nairobi ibadilishe ada ya bustani inayotozwa wajenzi wa maghorofa

Kileleshwa na Kilimani, nyumba ya zamani yenye uwanja wa nyasi inauzwa, inabomolewa, na ploti ile ile inabeba ghorofa la familia themanini. Watoto wanacheza katikati ya magari, kwenye maegesho. Pipeline kule Embakasi hata hayo maegesho ni anasa. Mpira unachezwa barabarani. Sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya mwaka 2019 inairuhusu kaunti kumtoza ada mtu anayeomba kibali cha ujenzi, na hapo ndipo penye nafasi ya kumfanya mjenzi achangie bustani na njia za miguu ambazo wapangaji wake watazihitaji. Mwongozo huu ni wa chama cha wakazi, kikundi cha mazingira au mtu binafsi anayetaka ada ya namna hiyo iwekwe, ipandishwe au ipangwe upya.

Jua unamwomba nani

Wengi huanza kwa kumwandikia gavana. Barua hupokelewa, hupigwa muhuri, na hulala kwenye faili, kwa sababu gavana hawezi kubadilisha ada kwa kalamu yake peke yake. Kifungu cha 210 cha Katiba kinasema ushuru au ada ya leseni haitozwi, haisamehewi wala haibadilishwi ila kwa sheria. Ni kweli barua za Wangari Maathai za mwaka 1989 zilisaidia kuzuia jengo la ghorofa 60 Uhuru Park, lakini kule kulikuwa kuzuia mradi. Kubadilisha ada ni kubadilisha sheria, na sheria hiyo ni Sheria ya Fedha ya kaunti, ambayo huanza kama Mswada wa Fedha unaojadiliwa na Bunge la Kaunti.

Hakikisha pia unachoombea kiko mikononi mwa kaunti. Uhuru Park na Jeevanjee ni za kaunti. Karura na Arboretum ziko chini ya Huduma ya Misitu ya Kenya, kwa hiyo ukiandika kwamba ada ya wajenzi itengeneze vijia vya Karura, umempa karani sababu rahisi ya kukuweka kando.

Jua msimu

Mwaka wa fedha unaanza Julai 1. Makadirio ya bajeti hutakiwa kufika Bunge la Kaunti kufikia Aprili 30, na baada ya kupitisha matumizi bunge lina siku 90 za kuidhinisha Mswada wa Fedha. Kwa hesabu hiyo, ada hujadiliwa kati ya Mei na mwisho wa Septemba, ingawa ratiba za City Hall, makao ya kaunti, zina mwendo wake. Tangazo la kualika maoni hutoka magazetini na kwenye tovuti, na mara nyingi huacha siku chache tu. Anayesubiri tangazo ndipo aanze kuandika amechelewa.

Kuna tarehe mbili nyingine ambazo watu huzipuuza. Kufikia Februari 28 kaunti hupeleka bungeni waraka wa mkakati wake wa fedha, na wazo la ada mpya likitajwa humo linapata miguu. Kufikia Septemba 1 hupeleka mpango wa maendeleo wa mwaka unaofuata. Bustani yako isipokuwa na jina kwenye mpango huo, pesa hazitakuwa na pa kwenda hata zikikusanywa.

Omba takwimu mapema

Tumia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi linaandikwa kwa Kiswahili au Kiingereza, kuuliza hakulipiwi, na ofisi ina siku 21 kujibu. Unaweza kutozwa gharama ya nakala tu. Usiandike "tunataka kujua pesa zetu zilienda wapi". Swali la hivyo hujibiwa kwa hotuba. Andika hivi: tupewe idadi ya vibali vya majengo ya makazi vilivyotolewa katika wadi fulani kwa miaka mitatu ya fedha iliyopita, idadi ya nyumba katika kila kibali, jumla ya ada iliyolipwa, na kiasi kilichotumika kwa bustani na njia za miguu katika wadi hiyo hiyo. Taja wadi, la sivyo utaletewa jumla ya jiji zima lenye wadi 85, na haitakufaa kwa lolote. Ukinyimwa au ukinyamaziwa, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile inayojulikana kama Ofisi ya Ombudsman.

Wakati unasubiri, tafuta Sheria ya Fedha inayotumika sasa na ufungue majedwali ya nyuma. Hapo ndipo ada zote zilipo, mstari kwa mstari. Nenda sehemu ya vibali vya ujenzi utafute mstari unaotaja bustani au maeneo ya wazi. Ukiuona, nakili namba yake. Ukiukosa, pendekezo lako ni la mstari mpya, na utalisema hivyo waziwazi.

Andika memoranda

Memoranda ni maoni yako kwa maandishi. Kurasa mbili au tatu zinatosha, na hapa ndipo pa kutumia nguvu zako nyingi.

Anza na uhusiano kati ya ada na huduma. Kifungu cha 209(4) cha Katiba kinairuhusu kaunti kutoza malipo ya huduma inazotoa, lakini kodi mpya isiyotajwa kwenye Katiba inahitaji idhini ya Sheria ya Bunge la taifa. Wakili wa wajenzi atang'ang'ania hapo: kama hakuna huduma, hii ni kodi iliyovaa joho la ada. Hoja hiyo si ya Kenya pekee. Mwaka 1994, katika kesi ya Dolan dhidi ya mji wa Tigard jimboni Oregon, Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema mji hauwezi kumdai mwenye duka ardhi ya njia ya baiskeli bila kuonyesha kwamba mzigo huo unakaribiana na athari za mradi wake. Hukumu hiyo haitufungi, lakini inakuonyesha utakavyoulizwa.

Kwa hiyo piga hesabu. Sensa ya 2019 ilipata wastani wa watu 2.9 katika kila kaya Nairobi. Jengo la nyumba 80 basi linaleta watu 232. Sheria ya Quimby ya California, inayowaruhusu viongozi wa miji kudai ardhi ya bustani au pesa badala yake pale ardhi inapogawanywa kwa makazi, hutumia kipimo cha kuanzia ekari 3 kwa watu 1,000. Kwa kipimo hicho jengo letu lingedaiwa karibu ekari 0.7, na ploti ya nusu ekari Kilimani yenyewe haifiki hapo. Usikinakili kipimo hicho cha wageni kama kilivyo. Onyesha watu wangapi wanaongezeka kwenye wadi, eneo la wazi lililopo ni kiasi gani, na gharama ya kutengeneza kilicho karibu: taa, vyoo, viti, kijia cha kutembea kando ya mto.

Kisha chagua namna ya kutoza. Asilimia ya gharama ya ujenzi ni rahisi, ila gharama inatajwa na mjenzi mwenyewe, na kila mtu anajua kalamu yake huelekea wapi. Ada sawa kwa kila nyumba haina ujanja huo, lakini bidsita ya Pipeline, nyumba ya chumba kimoja cha kila kitu, italipa sawa na fleti ya vyumba vinne Lavington, na mwenye nyumba atamsukumia mpangaji. Mimi napendelea ada kwa idadi ya vyumba vya kulala. Ramani ya mjengo inavionyesha na afisa wa mipango anavihesabu kwa kidole.

Wengine wanataka ada ilipwe jengo likikamilika, ili kumpunguzia mjenzi mzigo wa mwanzo. Nairobi hii watu huhamia rangi ikiwa bado mbichi, cheti au bila cheti. Ilipwe kabla ya kibali kutolewa.

Sasa kiini cha yote: pesa zinaingia wapi. Mapato ya kaunti kwa kawaida huingia Hazina ya Mapato ya Kaunti, na zikishachanganyika humo pesa hazina kabila. Zitalipa mishahara na madeni kama nyingine. Kifungu cha 116 cha Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya mwaka 2012 kinaruhusu kaunti kuanzisha mfuko maalumu kwa idhini ya baraza la mawaziri wa kaunti na Bunge la Kaunti. Afadhali ada ndogo yenye mfuko wake kuliko ada kubwa isiyo na anwani. Ukilazimika kuachia kimoja kwenye majadiliano, achia kiwango.

Maneno ya kupendekeza yaandike kamili, kana kwamba unamwandalia mchapaji. Kwa mfano:

"Jedwali la vibali vya ujenzi, mstari mpya: Mchango wa bustani na njia za miguu. Bidsita na chumba kimoja cha kulala, Sh ___. Vyumba viwili, Sh ___. Vyumba vitatu na zaidi, Sh ___, kwa kila nyumba. Hulipwa kabla ya kibali. Fedha ziingie Mfuko wa Bustani na zitumike katika wadi ya mradi au wadi inayopakana nayo ndani ya miaka mitano."

Mbunge wa kaunti aliyechoka saa kumi jioni hatakuandikia sentensi. Lakini ukimpa iliyokwisha tungwa, anaweza kuisoma kama marekebisho yake, na wewe usione wivu.

Wasilisha, kisha ufike mwenyewe

Memoranda inaelekezwa kwa Karani wa Bunge la Kaunti, kwa anwani na tarehe ya mwisho zilizo kwenye tangazo. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri urudi nayo. Nakala nyingine ipelekee MCA wako, yaani mbunge wa kaunti wa wadi yako, na kamati ya fedha.

Siku ya kikao, ukumbi utajaa watu wa ada za soko, maegesho na leseni za biashara. Ni haki yao, na watakuwa na sauti kuliko wewe. Ukipewa dakika mbili, taja jedwali, taja mstari, soma sentensi yako, keti. Usisahau kuandika jina kwenye orodha ya mahudhurio. Mwaka 2019, katika kesi ya kampuni ya sigara ya British American Tobacco, Mahakama ya Juu ya Kenya ilisisitiza kwamba ushirikishaji wa umma uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza ratiba tu. Mambo yakifika kortini, muhuri na orodha ndivyo vitakavyosema kwa niaba yako.

Wakikupita

Mswada ukipita bila mstari wako, huna haja ya kukaa hadi mwaka ujao. Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inampa kila mtu haki ya kuliomba Bunge la Kaunti litunge, lirekebishe au lifute sheria. Ombi liwe la Kiswahili au Kiingereza, lisiwe na mafuto, lieleze hatua ulizokwisha chukua na jibu ulilopata, liseme kama jambo hilo liko mahakamani au la, na limalizie kwa kutaja waziwazi unachotaka bunge lifanye. Waombaji waweke majina, anwani, namba za vitambulisho na sahihi. Memoranda yako yenye muhuri iambatanishe. Ndiyo ushahidi kwamba ulijaribu.

Wakikukubalia

Gavana ana siku 14 za kutia sahihi au kurudisha mswada bungeni. Sheria huanza kutumika siku ya 14 baada ya kuchapishwa kwenye gazeti rasmi, isipokuwa yenyewe itaje tarehe nyingine. Soma jedwali lililochapishwa, usitegemee ulichosikia bungeni, maana mstari unaweza kupita na sentensi ya mfuko ikaachwa. Robo ya kwanza ya mwaka ikiisha, peleka tena ombi la habari kwa maswali yale yale, wadi ile ile.