Kumuita dume la kulungu ukiwa kibandani (filimbi sio ya refa)

Hii ni kwa wanaowinda kulungu wa mkia mweupe kule Marekani na Kanada, wale wa kukaa ndani ya kibanda cha turubai. Shida ninayoiona sana ni moja, mtu ananunua filimbi ya mguno (inaiga sauti ya dume), anaingia kibandani, anapuliza kila baada ya dakika mbili kama refa, alafu anashangaa mbona msitu umenyamaza. Kulungu sio muongeaji kivile bana.

Kibanda kisimamishe siku kadhaa kabla, wiki ikiwezekana, kifunike na matawi ya hapohapo. Madirisha ya mgongoni kwako funga yote, mwanga ukiingia kwa nyuma wewe unaonekana kama kivuli kwenye pazia. Vaa nyeusi, mle ndani ni giza. Na soma sheria za jimbo, baadhi wanataka rangi ya chungwa nje ya kibanda na baadhi hawataki kabisa milio ya kielektroniki.

Sasa upepo, hapa ndo watu wanafeli. Dume akisikia mlio, hasa yule mzee, mara nyingi haji moja kwa moja, anazunguka hadi kule upepo wako unakoelekea ili anuse kwanza huyu anayemuita ni nani. Kwahiyo upande huo uwe wazi na uweze kumpiga kabla hajafika kwenye harufu yako, au chagua sehemu ambayo huko kuna bwawa ama korongo asiweze kuzunguka kirahisi.

Mwishoni mwa Oktoba, madume wakianza kutunishiana misuli, gonganisha pembe kama madume wanaopigana na uchanganye na miguno. Ikifika Novemba majike wanapoingia joto, mlio wa jike, ule wa kikopo unachopindua, nao unafanya kazi (kusini mwa Marekani kalenda inabadilika, angalia ya kwako). Kibandani mi natumia kifuko cha vijiti, ukikisugua kinalia kama pembe zinagongana, badala ya pembe zenyewe, niliwahi kugonga ukuta wa turubai na kiwiko kibanda kizima kikatikisika na dume akaondoka bila kuaga.

Kama huoni kitu, guna mara tatu au nne, fupifupi, shusha filimbi, kaa kimya dakika 20 hadi 30 huku silaha iko tayari maana wengine wanakuja bila hata kuvunja kijiti. Ukimuona anapita mbali, subiri asiwe anakutazama, guna mara moja. Akisimama akageuza masikio amesikia, basi, acha. Akiendelea na safari zake ongeza sauti kidogo. Akianza kuja, nyamaza kabisa, usimuongezee utamu, kila mlio unamwonyesha dirisha lako lilipo na akitazama pale haoni kulungu anaona hema. Ndo maana filimbi naielekeza dirisha la pembeni, sio kwake.

Na ukisikia pembe zinagongana huko porini usinyemelee, inaweza kuwa mwindaji mwenzio.

Akiwa mbele yako lakini anatembea, toa "meee" ya mdomo tu, ndogo, atasimama. Ila upinde uwe umeshauvuta kabla, kwasababu akisimama atakuwa anakutazama wewe moja kwa moja na hapo hata kujikuna huwezi.