Ukitaka kumjua Katherine Dunham, anza kwa kuzima sauti

Kila nikiwawekea wanafunzi wangu wa dansi Stormy Weather, filamu ya 1943, wote hubaki na ndugu wawili, Fayard na Harold Nicholas, wanaoruka ngazini na kutua kwa msamba. Siwalaumu. Mimi mwenyewe niliitazama mara tatu bila kumwona Dunham, mchezaji na mtunzi wa dansi, Mmarekani mweusi: macho yalikuwa kwa mwimbaji Lena Horne, masikio yalikuwa kwa wimbo.

Kwa hiyo zima sauti. Peleka filamu hadi karibu na mwisho, Horne anapoimba karibu na dirisha na nje mvua inanyesha. Kamera ikitoka nje hadi barabarani utaona watu waliojibanza chini ya reli ya juu. Dunham yumo. Usimtazame mzima mzima, utapotea. Mara ya kwanza tazama mabega tu, kisha rudisha nyuma utazame mbavu, kisha nyonga. Miguu iache mwisho.

Sasa inuka ujaribu mwenyewe, maana msingi wa mbinu yake ni kutenganisha viungo. Legeza magoti, bandika viganja kwenye mifupa ya nyonga, halafu sogeza mbavu kulia na kushoto. Nyonga zisitikisike. Zitatikisika! Viganja vitakuambia. Rudia polepole ukihesabu moja hadi nne mpaka zitulie, ndipo uongeze bega kwa mdundo mwingine. Mimi dakika kumi hunitoa jasho, na nimefundisha miaka.

Ukishachoka, keti usome maisha yake, lakini usianzie kuzaliwa. Anzia 1935, alipokuwa mwanafunzi wa anthropolojia wa Chuo Kikuu cha Chicago, akaenda Jamaika, Martinique, Trinidad na Haiti kwa ufadhili wa mfuko wa Rosenwald. Kule Haiti hakukaa pembeni na daftari. Aliingizwa kwenye dini ya Vodou. Ndipo utaelewa kwa nini kiuno chake hakina utani: alikuwa amekiona kikifanya kazi ya ibada. Mwaka 1938 akatoa dansi ya L'Ag'Ya mjini Chicago, hadithi ya kijiji cha wavuvi cha Martinique. Mwaka 1940 alikuwa Broadway, kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, katika mchezo wa nyimbo na dansi wa Cabin in the Sky. Baadaye akafungua shule New York, ambako mchezaji alisoma pia anthropolojia.

Usiruke Louisville, Kentucky, 1944. Ukumbi ule uliwatenga watazamaji weusi. Onyesho lilipokwisha Dunham aliwaambia watazamaji kwamba hatarudi hapo mpaka weusi waruhusiwe kuketi pamoja na weupe. Soma pia kuhusu Southland, dansi aliyoitoa Santiago, Chile, mwanzoni mwa 1951, ikionyesha mtu mweusi akiuawa na kundi la wazungu. Serikali ya Marekani haikuipenda hata kidogo.

Sasa fungua sauti, uanze filamu upya. Ukifika kwa akina Nicholas, shangilia utakavyo.