Ruta ya zamani usiitupe, ivutie kebo

Kama Wi-Fi haifiki vyumba vya nyuma na una ruta ya zamani kabatini, itumie hiyo kabla hujanunua ripita (kifaa kinachopokea Wi-Fi na kuirusha mbele). Ingia kwenye mipangilio yake, ibadilishie anwani ya IP isigongane na ya ruta kuu (kuu ikiwa 192.168.1.1, hii ipe 192.168.1.2), kisha zima DHCP, yaani ugawaji wa anwani za IP kwa vifaa; kazi hiyo ibaki kwa ruta kuu. Vuta kebo ya mtandao kutoka ruta kuu, uichomeke kwenye tundu la LAN (la vifaa vya ndani) la ruta ya zamani, si la WAN (la kuingizia intaneti). Hapo ndipo wengi hukwama. Jina la mtandao na nywila ziwe zilezile ili simu ihame yenyewe ukitembea, ila chaneli (njia za redio) za ruta hizo mbili zitofautiane: kwenye masafa ya GHz 2.4 chagua kati ya 1, 6 na 11.

Ripita ya bei nafuu hupokea na kurusha kwa redio moja, kwa zamu, kwa hiyo kasi hushuka hadi karibu nusu. Na ukuta mnene wa mawe ya matumbawe, kama wa nyumba za Mji Mkongwe, Zanzibar, hudhoofisha mawimbi kabla hata hayajaifikia. Kebo haisumbuliwi na ukuta.

Haitafaa kebo ikizidi mita 100, au ruta yenyewe ikiwa haina tundu la LAN. Na ikiwa matundu yake ni ya Mbps 100, hutapata zaidi ya hapo. Mpangaji asiyeruhusiwa kutoboa ukuta anunue tu ripita, aiweke katikati ya njia ambako mawimbi bado yana nguvu, siyo kwenye chumba kisicho na mtandao.