Kuunganisha vipimo vya mshiriki na rekodi zake za utafiti

Kipimo kilichopotea huacha pengo, na pengo huonekana. Kilichoingia kwenye rekodi ya mtu mwingine hujificha humo hadi siku ya uchambuzi. Kwa hiyo usiunganishe kwa majina: hufanana, huandikwa kwa namna nyingi, na hayapaswi kuwamo kwenye faili la uchambuzi.

Tumia ufunguo wa sehemu tatu: namba ya mshiriki, namba ya hudhurio na namba ya marudio ya kipimo. Hiyo ya tatu ndiyo husahauliwa. Mtu akipimwa shinikizo la damu mara 3, na fomu yake ikawa imeingizwa mara 2 kimakosa, ukiunganisha kwa namba ya mshiriki peke yake utapata mistari 6, na programu nyingi hazitakuonya. Hesabu mistari kabla na baada, kila mara.

Faili ghafi la kifaa cha kupimia lisiguswe. Fanyia kazi nakala. Safuwima ya namba za mshiriki isomwe kama maandishi. Excel ikiichukulia 00417 kama hesabu, inabaki 417, na namba yenye tarakimu zaidi ya 15 hugeuziwa tarakimu za mwisho kuwa sifuri. Ondoa nafasi tupu, tafuta herufi O iliyokaa mahali pa sifuri, na tarehe ziwe za mpangilio wa 2024-04-03, maana 03/04 kila mtu huisoma kivyake. Kagua pia saa ya kifaa: betri ikiisha, huenda tarehe ikarudi ya kiwandani.

Ukishaunganisha, toa orodha mbili: vipimo visivyo na rekodi, na rekodi zisizo na vipimo. Ziweke sambamba. Ukiona 1027 huku na 1072 kule, yaelekea tarakimu zimepishana, lakini usisahihishe kwa kukisia. Rudi kwenye fomu ya awali. Marekebisho yaonyeshe thamani ya zamani, mpya, aliyebadilisha, lini na kwa nini.

Rekodi zilizokubali kuungana nazo zichunguzwe. Linganisha jinsia na tarehe ya kuzaliwa pande zote mbili. Mtu mzima aliyepungua urefu kwa sentimita 12 kati ya mahudhurio mawili, kama upimaji ulikuwa sawa, huenda ni watu wawili.

Kwa utafiti ambao haujaanza, ongeza tarakimu ya ukaguzi (inayokokotolewa kutokana na tarakimu nyingine za namba hiyo) mwishoni mwa kila namba na uchapishe lebo za msimbopau. Namba iliyokosewa kwa kawaida itakataliwa mshiriki angali amekaa mbele ya mpimaji.