Mdudu wa majanini usiyemjua: mkamate vizuri kabla ya kupiga dawa

Ukikuta kwenye mpunga au malisho mdudu wa kijani ambaye vipapasio vyake ni virefu kuliko mwili wake, weka pampu chini kwanza. Huyo ni wa ukoo wa senene. Panzi wa kawaida ana vipapasio vifupi. Jamaa wa jenasi ya Conocephalus hula mbegu za nyasi, lakini hula pia mayai ya wadudu wengine. Huko Asia, Conocephalus longipennis hula mayai ya viwavi wanaotoboa mashina ya mpunga, kwa hiyo anayemuua anajiongezea viwavi.

Huenda pia hajawahi kupewa jina la kisayansi. Katika milima ya Tanzania, ikiwemo Kilimanjaro na Usambara, spishi mpya za ukoo huu zimeendelea kuelezwa hadi miaka ya karibuni, nyingine zikiwa na mabawa mafupi na zisizoruka.

Rangi isikudanganye. Senene wa Kagera, Ruspolia differens, ana wa kijani na wa kahawia, na wote ni spishi moja. Mtaalamu huangalia vikoleo viwili vya mkiani mwa dume na meno ya vikoleo hivyo, msasa ulio chini ya bawa la kushoto ambao dume husugua ili kutoa mlio, na urefu wa upanga wa kutagia wa jike. Kwa hiyo tafuta madume na majike waliokomaa. Tunutu, yaani mtoto ambaye hajakomaa, hafai, na hapa wengi hukosea: aliyekomaa mwenye mabawa mafupi huonekana kama tunutu. Tazama mgongoni. Kwa tunutu mkubwa, kijibawa cha nyuma hufunika cha mbele; kwa aliyekomaa, cha mbele ndicho kiko juu.

Usimshike mguu wa nyuma, ataung'oa akuachie. Mfunike kwa chupa yenye mdomo mpana, mmoja kwa chupa moja, maana hutafunana. Mpige picha akiwa hai: ubavuni, mgongoni na mkiani. Ukirekodi mlio wake, andika na joto la hewa, kwani joto likipanda mlio huenda mbio. Simu hainasi sauti zote. Sehemu kubwa ya mlio huu sikio la binadamu halisikii.

Mlaze kwenye friza usiku kucha. Mguu mmoja wa nyuma uweke kwenye ethanoli (alkoholi) ya asilimia 96 kwa ajili ya DNA. Mwili usiutumbukize humo, utapoteza ukijani. Mkubwa mpasue tumbo kwa chini, toa utumbo kwa kibano, jaza pamba kidogo. Usipofanya hivyo huoza na kuwa mweusi. Mchome pini upande wa kulia wa pingili iliyo nyuma ya kichwa, mkaushe kivulini penye hewa, mbali na siafu.

Kisha lebo, kwa penseli: kijiji, wilaya, latitudo na longitudo, mwinuko, tarehe, mmea aliokuwa juu yake, jina la mkamataji. Bila mahali na tarehe, sampuli nzuri kuliko zote haina kazi. Mpe afisa ugani aifikishe kwenye makumbusho au chuo. Ikivuka mpaka, kibali kitangulie.