Umerudi safari ngozi inawasha? Anza hivi

Mimi ni muuguzi hapa Tanga. Juzi mtoto wa jirani karudi kutoka Bagamoyo, siku tano anacheza mpira peku mchangani, mguu unamuwasha balaa. Mama yake kampaka dawa ya fangasi wee, wapi!

Hatua ya 1: Uliza. Alikanyaga wapi peku, alilala na nani, nguo alianika wapi.

Hatua ya 2: Angalia. Vipele katikati ya vidole, kujikuna usiku, na aliolala nao wanajikuna pia, huo ni upele. Paka BBE (dawa ya maji ya upele, benzyl benzoate) mwili mzima kuanzia shingoni, nyumba nzima siku moja. Kidoa cheusi kwenye uvimbe mweupe pembeni ya kucha ni funza: sindano mpya, mtoe mzima, ulizia chanjo ya pepopunda. Kuchangia pini sikubali kabisa. Jipu lenye kitundu na kitu kinachezacheza ndani ni buu wa nzi, ziba kwa vaselini nene, akijitokeza mkamue taratibu, halafu piga pasi nguo zote mpaka chupi, maana nzi hutaga kwenye nguo zilizoanikwa.

Hatua ya 3: Mstari. Hapa ndipo watu wanapotea. Mstari mwekundu, umeinuka, umepindapinda kama njia ya nyoka, huyo ni lava (mnyoo mchanga) wa minyoo ya mbwa na paka; wanyama hao wanajisaidia mchangani, mayai yanaanguliwa, lava anapenya unyayo. Fangasi inatanuka duara polepole, huyu anatembea. Chukua biro, weka alama pale mstari ulipoishia, kesho angalia. Kwa yule mtoto asubuhi mstari ulishaupita wino karibu sentimita nzima, mama yake akashika mdomo.

Tafadhali usichane na wembe wala kuunguza. Niliwahi kumchimba mgonjwa karibu saa nzima, nikaambulia kidonda tu, na bado inaniuma, kwa sababu lava anakuwa ametangulia mbele ya mstari unaouona.

Hatua ya 4: Dawa ya huyo lava. Albendazoli miligramu 400 kwa siku, siku tatu, ale na chakula chenye mafuta. Au ivamektini mara moja, mikrogramu 200 kwa kila kilo, yaani mtu wa kilo 60 ni miligramu 12. Mimi naipenda hii maana hakuna dozi ya kusahau, ila mtoto chini ya kilo 15 asipewe. Mjamzito asijinunulie yoyote kati ya hizo, aende kituoni, na mtoto apimwe uzito kwanza.

Muwasho unapungua siku chache tu, mstari unafifia taratibu. Akijikuna mpaka usaha, arudi kituoni.