Saini za wahusika wa katuni melini: jiandaeni mkiwa bado nyumbani

Wazazi wenzangu wa Mtwara, kama ndugu wa Marekani wamewaalika na watoto kwenye meli ya utalii ya Disney, pakueni programu yao ya simu iitwayo Navigator kabla hamjaondoka. Melini inatumia waifai ya meli bila malipo, na ndiyo inayoonyesha saa na mahali wahusika wa katuni kama Mickey au Goofy watakapokuwa, ili watoto wapate saini zao. Wahini, foleni hufungwa mapema. Kuonana na mabinti wa kifalme wa Disney mara nyingi huwekewa nafasi mtandaoni kabla ya safari, bure.

Daftari la saini msinunue kule. Kaunta buku ndogo yenye jalada gumu ya sokoni kwetu inatosha kabisa, pamoja na makapeni nene. Wahusika wengi huvaa glavu kubwa. Kalamu ya binti yangu ilikuwa nyembamba, ikamponyoka Goofy mara mbili, mtoto akabaki anaiokota. Saini ziwe upande mmoja wa karatasi, maana wino hupenya. Upande wa pili mtabandika picha.

Wadogo waonyesheni picha za wahusika mapema. Wangu wa mwisho alipokiona kile kichwa kikubwa cha mhusika alijificha kwenye kanga yangu. Sikumlazimisha, alipunga mkono kwa mbali tu. Siku ya tatu alikwenda mwenyewe, daftari mkononi.